Neno la Kiingereza "Amusing" na Habari Zake za Zamani

Miezi michache iliyopita alitujia nyumbani kijana mmoja tuliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni karani katika mahali pa kazi tusipopenda kupataja. Alipokwisha kutuamkia aliketi kimya kitambo, kisha akatoa mfukoni barua mbili. Ya kwanza ilikuwa nakala ya barua aliyoiandika mwenyewe kwa Kiingereza, kumshukuru mkuu wake, mzee Mwingereza, kwa hotuba aliyoitoa siku ya kuagana na watu wake wa kazi. Katika hotuba ile mzee alikuwa amesimulia miaka yake ya kazi, na homa zilizompata, na habari za mkewe aliyefariki akazikwa huku huku, hata baadhi ya wasikilizaji wakafuta machozi. Kijana wetu, kwa moyo mweupe kabisa, aliandika ya kuwa hotuba ile ilikuwa "amusing" sana. Barua ya pili ilikuwa jibu. Lilikuwa na mistari miwili tu: mzee asema asikitika kuona kwamba hotuba yake ilipokewa hivyo. Na cheti cha sifa alichoahidiwa kijana, ambacho kingalimsaidia kupata kazi penginepo, hakikuletwa.

"Nimekosa nini, Mwalimu?" akatuuliza. Akafungua daftari lake la shule, maana ni kijana wa kutunza vitu, akatuonyesha ukurasa mmoja. Hapo, kwa mwandiko wake wa utoto, na chini yake alama yetu ya wino mwekundu kwamba ni sahihi, imeandikwa: "amusing", maana yake -a kufurahisha.

Basi kosa lilikuwa letu. Tulimpa mtoto neno kama mtu ampaye mwenzake kisu bila kumwonyesha upande wenye makali. Tangu siku ile tumelichungua neno hili tangu shina lake, nasi twaona vema kuwaeleza wasomaji tuliyoyapata, kwa kuwa tunajua waalimu wengi wanafundisha kama tulivyofundisha sisi.

Neno "amusing" ni neno la sifa, nalo limetokana na kitendo "amuse", ambacho Waingereza walikipata kwa Wafaransa mwisho wa karne ya 15. Katika Kifaransa cha kale kulikuwa na neno "muser", maana yake kuduwaa, kutazama mahali pamoja bila kufanya kitu. Wengine katika wataalamu wa maneno husema ya kuwa hata hilo limetoka katika jina la pua ya mnyama, kwa mfano wa mbwa wa mwindaji aliyepoteza harufu, akasimama ameinua pua hewani, hajui aende wapi. Katika "muser" Wafaransa wakafanya "amuser", yaani kumfanya mtu aduwae. Na mtu aliyeduwaa, ndugu wasomaji, ni rahisi kuibiwa. Kwa hiyo maana ya kwanza ya neno hili haikuwa kufurahisha hata kidogo. Ilikuwa kumshughulisha mtu kwa jambo moja ili asione jambo la pili, ilikuwa kumdanganya.

Sisi Waswahili tunalo neno lililo karibu sana na hilo, walakini hatukulikumbuka siku ile tulipofundisha. Ni kupumbaza. Mlezi humpumbaza mtoto anayelia kwa kumwonyesha ndege juu ya mti, hata asahau kwamba mama yake amekwenda shambani. Mwizi naye humpumbaza mwenye duka kwa maneno mengi ya bei ya nguo, hali mwenzake yuko nyuma apekua sanduku. Kitendo ni kimoja, ila mlezi apumbaza kwa huruma na mwizi apumbaza kwa hila. Neno la Kiingereza lilianza kwa mwizi, likaishia kwa mlezi. Lakini safari yake ilikuwa ya miaka mingi.

Katika vita neno hili lilitumika sana. Jemadari wa Kiingereza wa karne ya 18 alipoandika kwamba aliwa-"amuse" adui, msidhani aliwapigia ngoma. Alikuwa na maana kwamba aliwashughulisha upande mmoja ili awapige upande mwingine. Mfano mzuri wa jambo lenyewe ni vita vya Quebec, mji wa Kanada uliokuwa mikononi mwa Wafaransa. Usiku wa tarehe 12 Septemba 1759, Amirali Saunders aliwapeleka mabaharia wake katika mashua mbele ya pwani ya Beauport, akapiga mizinga kana kwamba anataka kushusha askari hapo. Montcalm, jemadari wa Wafaransa, akakesha na watu wake wakingojea shambulio lisilokuja. Huku nyuma Jemadari Wolfe alikuwa akipanda na askari wake katika genge upande wa juu wa mto, na kulipokucha walikuwa wamekwisha kujipanga uwandani karibu na mji. Majemadari wote wawili walipata majeraha katika vita vya siku ile wakafa, na tarehe 18 mji ukasalimu amri. Mwingereza wa zamani zile angalisema bila haya kwamba Saunders aliwa-"amuse" Wafaransa usiku kucha. Wala hakuna Mfaransa aliyecheka.

Lakini tangu karne ya 17 maana ya pili ilikwisha kuanza kuchipuka kando ya ile ya kwanza: kumshughulisha mtu ili asahau taabu zake, kumpitishia saa kwa jambo jepesi. Mtu aweza kuona jinsi maana moja ilivyoizaa nyingine, kwa kuwa huzuni nayo ni kama mwenye duka. Ikipumbazwa, moyo huponyoka. Hata mwaka 1755 bwana Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa katika mji wa London, aliyapanga maneno matatu kama ngazi. Chini aliweka "amuse", ambalo alisema ni kuijaza akili kwa utulivu. "Divert" akasema lina uchangamfu zaidi. Na "please" lina uzito zaidi. Kisha akaongeza onyo ambalo lingalimwokoa karani wetu: ya kwamba neno hili mara nyingi hutumika kwa maana iliyo karibu na dharau.

Yafaa tuseme kwa kupita kwamba neno "fun", ambalo watoto wetu hulipenda sana, lina ukoo wa namna ile ile. Mwisho wa karne ya 17 lilikuwa na maana ya kumlaghai mtu au kumfanyia hila, na Johnson katika kamusi yake aliliita neno la watu wa chini. Tulipoyasoma hayo tulijiuliza kwa nini Waingereza waliyatoa majina ya furaha zao katika kapu la udanganyifu. Labda kwa sababu katika masoko yao ya zamani aliyewachekesha watu na aliyewaibia walisimama mahali pamoja, na pengine alikuwa mtu yule yule. Hayo ni mawazo yetu tu.

Sasa tuje katika sehemu ya habari iliyotushangaza kuliko zote, nayo ni jinsi neno hili lilivyoingia katika sheria, hata mahakimu wakalazimika kulipima kama dhahabu. Katika miaka ya 1770 na kitu, watu wa London walianza kufungua nyumba jioni ya Jumapili na kutoza fedha mlangoni. Katika nyumba iliyoitwa Carlisle House watu walikuja kutembeatembea na kuonana, na mahali pengine walikuja kubishana juu ya aya za Biblia kama watu wabishanao juu ya ng'ombe mnadani. Askofu wa Chester, Beilby Porteus, akachukizwa. Huyu ndiye askofu aliyehubiri mwaka 1783 mbele ya shirika moja la misheni la kanisa lake, akawakemea kwa jinsi walivyowatunza watumwa katika mashamba yao wenyewe ya Barbados. Hakuwa mtu wa kuogopa kusema. Kwa bidii yake Bunge lilipitisha sheria, nayo huitwa Sheria ya Kuadhimisha Jumapili ya 1780. Ilisema kwamba nyumba yo yote ifunguliwayo Jumapili kwa "entertainment or amusement" ya watu wote, na watu wakalipa ili kuingia, itahesabiwa kuwa nyumba ya fujo. Mwenye nyumba atatozwa pauni 200 kwa kila siku, msimamizi pauni 100, na bawabu wa mlangoni pauni 50. Zamani zile pauni 50 zilikuwa mali ya mtu wa kazi kwa mwaka mzima na zaidi, basi fikirini hali ya bawabu.

Lakini ni kitu gani kilicho "amusement"? Sheria haikueleza. Kwa muda wa miaka karibu mia jambo hilo lililala, hata katika mwezi wa Januari 1866 watu fulani wa London walipoanza mikutano ya Jumapili jioni katika ukumbi wa St Martin's Hall, kukiimbwa nyimbo takatifu, na bingwa wa elimu ya viumbe, Thomas Huxley, akawa miongoni mwa waliofundisha. Wengine waliona kwamba huko ni kuinajisi Jumapili, wakaenda mahakamani. Hukumu ilikatwa mwaka 1868. Mahakimu wakasema kwamba mikutano ile haikuwa ya kuchezesha watu. Watu walikuja kufundishwa, wala kufundishwa si "amusement". Walioshitakiwa wakaachiliwa. (Wanafunzi wetu wa darasa la tano wangaliikubali hukumu hiyo mara moja, bila kungoja ushahidi.)

Mwaka 1875 ikaja kesi nyingine, na safari hii walioshitakiwa walikuwa wenye nyumba ya samaki. Katika mji wa Brighton, ulio pwani kusini ya Uingereza, kampuni moja ilikuwa imejenga nyumba kubwa ya vioo na maji, ikafunguliwa mwaka 1872, ili watu walipe waingie wawatazame samaki walio hai. Jumapili nayo ilifunguliwa, na muziki ukapigwa. Mtu mmoja akashitaki ili adai zile pauni 200. Wenye nyumba wakajitetea kwamba kuwatazama viumbe wa Mungu ni elimu. Mahakimu wakakataa, wakasema mahali pale, kwa jumla ya mambo yake, ni mahali pa kuburudisha watu, basi sheria imevunjwa. Ndivyo ilivyokuwa: Huxley akieleza habari za viumbe kwa maneno si kosa, bali samaki mwenyewe akiogelea kimya mbele ya macho ya watu ni kosa.

Wasomaji wasiidharau hukumu hiyo upesi. Ukiitazama vema, ndani yake mna swali lile lile la karani wetu. Mahakimu walikuwa wakiuliza: jambo hili laishughulisha akili ili iende mbele, au laishughulisha ili saa ipite? La kwanza laweza kupendeza sana, lakini hamna haki ya kuliita "amusing". Mwaka ule ule wa 1875 Bunge liliona taabu hiyo, likatunga sheria ya kumpa Malkia uwezo wa kusamehe faini hizo. Hata mwaka 1932 sheria mpya ya burudani za Jumapili ilipotoka, ilitaja kwa jina mahali palipopewa ruhusa, yaani nyumba za makumbusho, bustani za wanyama, mafundisho na mijadala, na nyumba za samaki pia.

Hapo juu tumemtaja Malkia, naye ni Viktoria, ambaye jina lake limefungamana na neno hili hata kwa watu wasiojua Kiingereza kingi. Wasema ya kuwa siku moja mtu alisimulia mbele yake hadithi isiyo na adabu, wenzake wakataka kucheka, naye Malkia akakaza uso akasema kwa ile "sisi" ya wafalme: Sisi hatukuchekeshwa. Maneno hayo yamerudiwa katika vitabu na katika mazungumzo, lakini hakuna ushahidi wa kweli kwamba aliyasema. Mjukuu wake, Princess Alice, alipokuwa kikongwe katika miaka ya 1970, alieleza kwamba alimwuliza nyanya yake, naye akakana. (Sisi tunaoandika "sisi" katika gazeti hili hatuna haki ya kumcheka kwa neno hilo, alilisema au hakulisema.)

Kwa kweli vitabu vyake vya kumbukumbu za kila siku vyaonyesha mtu mwingine kabisa. Alipokuwa msichana, na hata baada ya kutawazwa, mara nyingi aliandika kwamba alikuwa "very much amused". Mwanzo wa mwaka 1839, akiwa na umri wa miaka 19, alikwenda mara kadhaa katika muda wa majuma machache kumtazama Mmarekani Isaac Van Amburgh, aliyeingia katika tundu la simba na chui katika nyumba ya michezo ya Drury Lane. Siku moja alibaki baada ya mchezo ili awaone wanyama wakilishwa. Akaagiza hata mchoraji Landseer amchore mtu yule katikati ya simba wake. Kisha mwaka 1861 mumewe alifariki, Malkia akavaa nguo nyeusi miaka karibu 40 iliyobaki ya maisha yake, na watu wakaukumbuka uso wa mjane wakausahau uso wa msichana. Neno la kukataa kuchekeshwa likamkaa kwa sababu lilifanana na picha zake.

Katika miaka ya 1920, baada ya vita kuu ya kwanza, neno likapata bahati mpya. Matajiri wa London, na magazeti yao ya mavazi na mapambo, walianza kuita "amusing" kila kitu walichokipenda: chumba, kiti, pazia, kofia. Hawakuwa na maana kwamba kiti chachekesha. Nadhani walikuwa wamechoka na mambo mazito, na kusema kitu hakina uzito ikawa ndiyo sifa. Mtindo huo ulipita upesi, kama kofia zenyewe.

Leo Mwingereza akisema jambo ni "amusing", atakuwa na maana kwamba limemtoa tabasamu. Si kicheko cha kushika mbavu. Kwa hicho analo neno jingine. Hadithi ya sungura na fisi ni "amusing". Barua ya rafiki mcheshi ni "amusing". Mtoto mdogo akivaa viatu vya baba yake na kutembea uani ni "amusing". Lakini mtu mzima akileta jambo lake kwa moyo wote, kama hotuba, au ombi, au kazi ya mikono yake, nawe ukaliita "amusing", umemweka pamoja na yule mtoto wa viatu. Umesema: nimekutazama kutoka juu, nikatabasamu. Na Mwingereza akikwambia kwamba hakuwa "amused", usidhani anakueleza habari za mchezo uliokosa utamu. Anakwambia kwa upole kwamba amekasirika, na yafaa uondoke mlangoni.

Waalimu na waangalie pia mwisho wa neno. Wanafunzi huandika "I am amusing" wakitaka kusema kwamba wamechekeshwa, kumbe wamejiita wachekeshaji. Chenye kuchekesha ni "amusing", aliyechekeshwa ni "amused". Kwa Kiswahili hatuvichanganyi kamwe, kwa hiyo twaweza kuwafundisha kwa njia ya lugha yetu wenyewe.

Na kwa kuwa tumeitaja lugha yetu, tuseme neno moja juu ya kuburudisha. Hilo tulilipata kwa Waarabu, kwa shina lile lile lililotupa baridi. Kwetu sisi mtu aliyeburudishwa ni kama aliyetoka njiani jua la saa saba, akapewa kata ya maji ya mtungini chini ya mwembe. Hakuduwazwa wala hakuibiwa kitu. Kwa hiyo mtu wa kwetu aweza kumwambia mzee, hata mhubiri, kwamba maneno yake yamemburudisha moyo, na mzee akashukuru. Maneno ya kamusi zetu yasema kwamba kuburudisha na "amuse" ni ndugu. Twaona si ndugu. Ni majirani tu, na kati ya nyumba zao pana boma.

Kijana wetu alikaa nasi siku ile hata taa ikawashwa. Tulimweleza haya kwa ufupi, kisha tukamsaidia kuandika barua nyingine kwa yule mzee, fupi na bila neno lo lote la kupamba. Ilisema kwamba alikosea neno, kwamba aliyetaka kulisema ni mtu aliyelia siku ile pamoja na wengine, na kwamba mwalimu wake ndiye aliyemfundisha vibaya. Sentensi hiyo ya mwisho kijana hakutaka kuiandika; alisema ni aibu kumtaja mwalimu hivyo. Tulimshurutisha. Katika daftari lake tumelikata lile neno la zamani kwa wino mwekundu, tukaandika kando yake: -a kutabasamisha, kwa mambo mepesi tu. Barua imekwisha kupelekwa majuma matatu sasa, na jibu halijafika.